Mwalimu Nyerere na Urithi wa Wanyamapori

Watoto wetu wa hapa Johannesburg wanawajua wanyama wakubwa watano kabla hawajajua kusoma. Wako kwenye noti za randi: kifaru kwenye 10, tembo kwenye 20, simba kwenye 50, nyati kwenye 100 na chui kwenye 200, na upande wa pili wa noti zote hizo ni sura ya Mzee Mandela. Sasa, wazazi, toeni na noti za nyumbani mziweke mezani. Kwenye 2,000 yupo simba, kwenye 5,000 kifaru, kwenye 10,000 tembo. Kwenye 1,000 yupo Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Huyu ndiye ninayetaka kumsimulia katika jarida letu la Uhuru, lakini si kwa habari za TANU na Muungano tunazozisikia kila tarehe 9 Desemba. Nataka watoto wajue kwa nini wale wanyama wa kwenye noti bado wapo porini, na nani aliyelipa ili wabaki.

Mwalimu alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922 kijijini Butiama, mashariki ya Ziwa Victoria. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki, na mama yake, Mgaya wa Nyang'ombe, alikuwa mke wa tano kati ya wengi. Utotoni alichunga mifugo kama watoto wengine wa pale. Ukitoka Butiama kuelekea kusini-mashariki hufiki mbali kabla ya kuingia nchi ya Waikizu, kisha ya Waikoma, na baada ya hapo ni Serengeti. Kwa watu wa upande ule nyumbu hakuwa kivutio cha utalii. Alikuwa kitoweo kilichokuja chenyewe kila mwaka kwa msimu wake.

Serikali ya kikoloni ilikuja na hesabu nyingine. Mzungu mwenye bunduki na leseni aliitwa mwindaji. Mwikoma mwenye upinde na mitego aliitwa jangili, akakamatwa. Mwaka 1951 Serengeti ikawa hifadhi ya taifa, na mwaka 1959 Wamaasai waliokuwa wakiishi humo na ng'ombe wao wakahamishwa, Ngorongoro ikatengwa kuwa eneo la peke yake ambamo watu, mifugo na wanyamapori wangekaa pamoja. Mwezi Januari mwaka huo huo kijana wa Kijerumani, Michael Grzimek, aliyekuwa akihesabu wanyama wa Serengeti kwa ndege pamoja na baba yake Bernhard, alikufa ndege yake ilipogongana na tai. Kaburi lake lipo ukingoni mwa kreta. Filamu yao ilipata tuzo ya Oscar, na dunia nzima ikaanza kuuliza wanyama wale watakuwaje siku Waafrika watakapojitawala. Swali lenyewe lilikuwa na dharau ndani yake, lakini liliulizwa.

Wakati huo Mwalimu alikuwa amekwisha pita shule ya Mwisenge pale Musoma, Tabora, Makerere na Edinburgh, akafundisha Pugu, akaongoza kuanzishwa kwa TANU tarehe 7 Julai 1954, na mwaka uliofuata akaacha ualimu kwa ajili ya siasa. Haya mnayajua.

Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya Uhuru, wataalamu wa hifadhi kutoka Afrika na ng'ambo walikutana Arusha. Hapo ndipo lilipotolewa Tamko la Arusha kuhusu wanyamapori. Watoto, msilichanganye na Azimio la Arusha la 1967, hayo ni mambo mawili tofauti. Tamko lilitiwa saini na Mwalimu pamoja na mawaziri wake wawili, Chifu Abdallah Fundikira na Tewa Said Tewa. Lilisema kwamba wanyama hawa na mapori yao si pambo tu bali ni sehemu ya riziki ya nchi na maisha yake ya baadaye. Likaahidi kwamba serikali itafanya kila iwezalo ili wajukuu nao waurithi utajiri huo, na likaomba mataifa mengine yasaidie kwa wataalamu na fedha.

Fikirieni nchi iliyokuwa ikiahidi hivyo. Tanganyika ilikuwa na watu wasiozidi milioni 10 au karibu hapo, madaktari wake wazalendo walihesabika kwa vidole, na wauguzi waliosomea kazi walikuwa wachache kuliko hospitali moja kubwa ya hapa Gauteng. Wapo wananchi walioona kwamba hifadhi ni mambo ya wakoloni, na kwamba bendera ya Mwingereza ikishuka, mipaka ya hifadhi nayo ishuke. Kwa mwanasiasa, njia rahisi ilikuwa kuwakubalia. Angepata shangwe na kura.

Tena inasimuliwa kwamba yeye binafsi hakuwa mpenzi wa wanyama, wala hakuona raha ya mtu kumaliza likizo yake akitazama mamba. Lakini alijua kwamba watu wa Ulaya na Marekani wanaitamani raha hiyo na watailipia, na kwamba baada ya mkonge na almasi, wanyama wangeweza kuwa chanzo kikubwa cha fedha za kigeni. Mimi jambo hili ndilo linalonivutia zaidi kuliko yote. Kumtunza unayempenda si kazi. Yeye alitunza kitu ambacho hakikumgusa moyo, kwa sababu alikiona kuwa ni mali ya watu ambao bado hawajazaliwa. Anayefanya kazi wodini ananielewa.

Usiku wa Uhuru mwenge ukawashwa kilele cha Kilimanjaro. (Ndiyo, Kilimanjaro ni wetu. Kazini bado nina wenzangu wanaoamini uko Kenya, na nimechoka kubishana.) Mwaka 1963 kikafunguliwa Chuo cha Mweka, kwenye miteremko ya mlima huo, cha kuwafundisha Waafrika kusimamia wanyamapori wenyewe, na vijana wa nchi nyingine za Afrika wakaja kusoma pale. Ngorongoro ikapata mhifadhi wake wa kwanza Mwafrika, Solomon ole Saibull, ambaye baadaye aliongoza hifadhi zote za taifa. Hifadhi zenyewe zikaongezeka. Wakati wa Uhuru zilikuwa Serengeti, Manyara na Ngurdoto. Zikafuata Mikumi na Ruaha mwaka 1964, Gombe 1968, Tarangire 1970, kisha Kilimanjaro, Katavi, Rubondo na Mahale. Mwalimu alipong'atuka tarehe 5 Novemba 1985 zilikuwa 11.

Mikumi ina jambo lake kwetu sisi wa huku. Wapigania uhuru wa Afrika Kusini waliopewa makazi Mazimbu, Morogoro, walikuwa jirani na hifadhi hiyo, na barabara ya kwenda Iringa inapita katikati yake. Mkimbizi aliweza kuona tembo dirishani akiwa ndani ya basi. Kwao, kwa miaka mingi ya ubaguzi, mtu mweusi hakuruhusiwa hata kulala kambi moja na Wazungu ndani ya Kruger.

Si kwamba wote nyumbani walikubaliana naye. Mwaka 1970 vijana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha mjadala mkali magazetini, wakiuliza utalii wa matajiri unafanya nini katika nchi ya Ujamaa: hoteli za kigeni, watumishi wa kupiga magoti, vijana kuiga kila cha Mzungu. Hoja zao zilikuwa na uzito, na zina uzito hata leo. Serikali iliendelea na utalii, ikijaribu kuuweka mikononi mwa mashirika ya umma. Mwaka 1973 ikafunga uwindaji wote, hata ule wa kitalii uliokuwa ukiingiza fedha nyingi, na haikuufungua tena mpaka 1978.

Kuna habari moja ya miaka hiyo ambayo muuguzi hawezi kuiruka. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu wa Serengeti walikuwa kiasi cha 250,000. Kufika 1977 walikuwa zaidi ya milioni 1. Kilichowaongeza kwanza kilikuwa chanjo. Ugonjwa wa sotoka, ulioletwa Afrika na mifugo mwishoni mwa karne ya 19, ulikuwa ukiua ndama wa nyumbu kila mwaka. Nyumbu hawakuchanjwa hata mmoja. Waliochanjwa ni ng'ombe wa vijiji na maboma yaliyoizunguka hifadhi, na ugonjwa ulipokosa pa kukaa kwa ng'ombe, ukaisha na kwa nyumbu. Niliposomea shahada yangu huku ugenini tulifundishwa kinga ya jamii kwa mifano ya surua. Ningekuwa mwalimu wa darasa lile ningeanza na nyumbu. Na mjue basi kwamba msafara ule mkubwa, ambao watalii wanavuka bahari kuja kuuona, unadaiwa na wafugaji waliokubali ng'ombe wao wachomwe sindano.

Wafugaji hao hao walilipa zaidi. Mwaka 1974 familia za Kimaasai zilizokuwa zikiishi chini ndani ya kreta ya Ngorongoro ziliondolewa, na mwaka uliofuata kilimo kikapigwa marufuku katika eneo zima. Hayo hayakufanywa na Mwingereza, yalifanywa wakati wa Mwalimu. Simpunguzii heshima ninapoyaandika. Lakini sipendi hadithi ya hifadhi isimuliwe kama kwamba nchi ile ilikuwa tupu, na watoto wetu wakikutana hapa Johannesburg na mtoto wa Kimaasai, wajue kwamba kwao habari hii ina upande mwingine, na kwamba swali la nani ahame Ngorongoro halijaisha mpaka leo.

Miaka ya mwisho ilikuwa migumu. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka na Kenya ukafungwa. Nyumbu waliendelea kuvuka kwenda Mara na kurudi, bila pasi wala viza, lakini watalii wengi wa Serengeti walikuwa wakitokea Nairobi, nao hawakupita tena. Ikafuata vita ya Kagera. Askari wa hifadhi walikosa mafuta, magari, hata viatu, na majangili wakaingia na bunduki za kivita. Tembo waliuawa kwa maelfu, na vifaru wa Serengeti walikaribia kwisha kabisa. Ahadi ya 1961 ilikuwa imebaki kwenye karatasi. Iliokolewa na waliomfuata: mwaka 1989, wakati wa Mzee Mwinyi, jeshi na polisi waliingia porini katika Operesheni Uhai, na Tanzania ikawa mstari wa mbele kutaka biashara ya pembe za ndovu ipigwe marufuku duniani.

Mwalimu alikuwa amerudi Butiama kulima. Alifariki tarehe 14 Oktoba 1999 katika hospitali ya St Thomas, London, kwa saratani ya damu, akazikwa kijijini kwake. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori la Selous ilifanywa hifadhi ya taifa na kupewa jina lake. Ina zaidi ya kilomita za mraba 30,000, yaani kubwa kuliko Kruger.

Na vifaru? Mei 2010 vifaru weusi watano walipandishwa ndege hapa Afrika Kusini wakapelekwa Serengeti, na Rais Kikwete akaenda kuwapokea. Mababu zao walikuwa wameletwa huku kutoka Afrika Mashariki miaka ya 1960. Wakazaa, wakakuza, na uzao wao ukarudi nyumbani.

Wale watakaokwenda likizo mwezi huu upande wa ziwa: basi la Mwanza kwenda Musoma linapita lango la Ndabaka, Serengeti ikiwa kulia kwenu. Mkae upande huo wa basi. Mbele zaidi mtakuta njia ya kwenda Butiama, ambako kuna makumbusho na kaburi lake, pale pale Mwitongo nyumbani kwao.