Abdulwahid Sykes na Umoja wa Makuli

Kila mara wafanyakazi wa Kurasini, Keko, Chang'ombe na Kinondoni wanapozozana na viongozi wa chama chao, neno moja husikika: tujitenge. Sheria ya mwaka 2004 yawapa haki hiyo. Lakini kabla ya kuitumia, yafaa tumkumbuke marehemu Abdulwahid Sykes.

Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1924, mwana wa Kleist Sykes, mmoja wa waasisi wa African Association ya mwaka 1929. Katika Vita Kuu ya Pili alikuwa askari wa KAR huko Burma. Aliporudi aliikuta bandari imechafuka.

Makuli walikuwa makundi mawili: vibarua wa siku na watu wa mwezi. Mwaka 1939 waligoma vibarua peke yao, wakashindwa. Mwaka 1943 waligoma watu wa mwezi, na wengi wao wakapelekwa mahakamani. Septemba 1947 makundi yote mawili yaligoma pamoja, na mgomo ukaenea bara kufuata njia ya reli. Safari hii mishahara ilipanda. Chama cha makuli kikaundwa, na mwaka 1948 Abdulwahid akawa katibu wake.

Chama hicho hakikudumu. Februari 1950, yeye akiwa amekwisha kuacha ukatibu, mgomo mwingine uligeuka ghasia, na serikali ya kikoloni ikakivunja.

Jaribio lake kubwa lilikuja tarehe 17 Aprili 1953, katika ukumbi wa Arnautoglu. Wanachama wa TAA walimchagua Julius Nyerere kuwa rais, naye Abdulwahid akashindwa. Alikuwa mtoto wa mjini, mwenye jina na wafuasi. Angaliweza kuondoka nao akaanzisha chama chake. Hakuondoka. Tarehe 7 Julai 1954 alikuwa miongoni mwa watu 17 walioasisi TANU. Alifariki Oktoba 1968, kabla ya kutimiza miaka 44.

Hatusemi kwamba mfanyakazi amvumilie kiongozi anayekula michango yake. Kiongozi wa namna hiyo na aondolewe kwa kura, mbele ya mkutano. Twasema tu kwamba kukimbia mkutano si kumwondoa. Ni kumwachia chama, na kumpa mwajiri makundi mawili ya kuyashinda moja moja, kama alivyoyashinda mwaka 1939 na mwaka 1943.