Mick Gillies, daktari aliyewatenganisha mbu ‘mapacha’ wa Upare

Chota maji ya dimbwi Endasak, wilayani Hanang, wakati wa masika. Utaona viluwiluwi vya mbu vikipanda na kushuka, vyote sawa tu machoni. Lakini huenda baadhi ni vya mbu anayependa damu ya binadamu na kueneza malaria, na vingine ni vya mbu anayemfuata zaidi ng’ombe.

Siku hizi maabara inatosheka na mguu mmoja tu wa mbu. Inasoma vinasaba (DNA) vyake, jibu linatoka. Miaka ya 1950 hakukuwa na kitu hicho, na ndipo anapoingia Mick Gillies.

Jina lake kamili ni Michael Thomas Gillies, Mwingereza aliyezaliwa 1920. Alisomea udaktari wa binadamu, ila wadudu ndio waliomteka. Alikuja kufanya kazi kwenye kituo cha utafiti wa malaria Amani, milima ya Usambara, Tanga. Kazi ya mshahara ilikuwa mbu wa Muheza. Aliwatia alama, akawaachia, halafu akawatafuta tena vijijini ajue wanaruka umbali gani na wanaishi siku ngapi.

Muda wake mwenyewe aliumalizia mitoni, akisaka wale wadudu wa majini ambao wakishaota mbawa wanaishi saa au siku chache tu. Wapo kadhaa waliokuwa hawajulikani kabisa na sayansi mpaka yeye alipowapa majina.

Kazi iliyompa sifa zaidi ilitoka Upare. Kuanzia 1955 hadi 1959 nyumba za Pare na Taveta, pande zote za mpaka wa Tanganyika na Kenya, zilipulizwa dawa ya dieldrini. Mbu aitwaye Anopheles funestus, mwenye tabia ya kupumzika ukutani baada ya kunyonya damu, akatoweka.

Sasa kasheshe. Mbu wanaofanana naye waliendelea kunaswa, tena nje ya nyumba. Je, dawa imeshindwa? Fedha na miaka ya kazi vilining’inia kwenye swali hilo. Mwaka 1960 Gillies na mwenzake, A. Smith, wakachapisha jibu: huyo si funestus, ni ndugu yake, Anopheles rivulorum, aliyeongezeka baada ya mwenzake kuondoka. Kumbe dawa ilifanya kazi yake.

Walimtambuaje? Mbu wakubwa wa kundi hilo wanachanganya sana. Tofauti nyingi zinaonekana kwenye mayai na viluwiluwi. Maana yake ni kulea wadudu majini na kuhesabu vinyweleo kwenye darubini. Kazi ya macho na subira, si ya mtu mwenye haraka.

Mwaka 1962 akamtaja ndugu mwingine wa kundi hilohilo, akamwita Anopheles parensis, jina la Pare. Mwaka 1968, pamoja na Botha de Meillon wa Afrika Kusini, akatoa kitabu kikubwa cha mbu aina ya Anopheles wa Afrika kusini mwa Sahara. Baadaye alifanya utafiti Gambia na kufundisha Chuo Kikuu cha Sussex.

Jibu la Upare halikuwa la mwisho, lakini. Mwaka 1996 watafiti waliofanya kazi Tanga waliripoti kwamba rivulorum, yule aliyeonekana hana neno, naye anabeba vimelea vya malaria ya binadamu.

Gillies alifariki 1999. Miaka minne baadaye Paul Hebert wa Kanada alipendekeza kutambua wanyama kwa kipande kimoja kifupi cha vinasaba, kama mashine ya dukani inavyosoma ile mistari kwenye pakiti ya biskuti. Njia hiyo ina kikomo: mbu gambiae na arabiensis, wanaosumbua sana Tanzania, hawatenganishwi vizuri na kipande hicho, hivyo maabara hutumia kipande kingine, kwa kipimo cha PCR kilichotoka 1993.

Kwa kundi la funestus kipimo chake kilikuja 2002. Kinatambua ndugu watano, na mmojawapo ni parensis, yule aliyepewa jina na Gillies kwa darubini miaka 40 kabla.