Elisha Scott, Kipa wa Belfast

Utotoni, mtaani kwetu Katuba, golini alipangwa yule asiyejua kufunga. Mimi nilipangwa huko miaka mitatu mfululizo. Tangu wakati huo, kila ninapofungua kitabu cha historia ya kabumbu, jicho langu humtafuta kipa kwanza. Mara nyingi simpati. Mfungaji huandikiwa kurasa, kipa huandikiwa mstari mmoja, na mstari wenyewe huwa ni wa siku aliyofungwa. Mmoja niliyempata ameandikwa kwa urefu ni Elisha Scott, mtu wa Belfast, kaskazini mwa Ireland, aliyefariki mwaka 1959. Nataka kuwasimulia maisha yake, na mwishoni nitasema kwa nini yamenigusa mimi binafsi.

Scott alizaliwa Belfast mwezi wa nane mwaka 1893. Kaka yake mkubwa, Billy, naye alikuwa kipa. Mwaka 1906 Billy alinyakua Kombe la Uingereza akiwa na Everton, timu ya mji wa Liverpool. Inasemekana aliwaomba mabwana wa Everton wamchukue mdogo wake pia, wakamwona bado mtoto. Basi kijana akapelekwa kwa majirani na wapinzani wao, Liverpool, nao wakamsajili mwaka 1912. Mechi yake ya kwanza aliicheza tarehe 1 Januari 1913 ugenini kwa Newcastle, na hakuruhusu bao hata moja.

Hakuwa mtu mrefu. Kwa kipimo cha leo, makocha wengi wangemwambia atafute nafasi nyingine. Alichokuwa nacho ni wepesi na maandalizi. Alifika uwanjani mapema sana kabla ya mechi, akawa anaupiga mpira ukutani chumbani na kuudaka, tena na tena, mpaka mikono ipate moto. Alivaa sweta zaidi ya moja na soksi jozi mbili, na magotini aliweka vitambaa vya kujikinga, kwa maana wakati ule uwanja wa Uingereza ulikuwa tope majira ya baridi na ardhi ngumu majira ya joto. Sheria nazo hazikumpendelea kipa: mshambuliaji aliruhusiwa kumsukuma kwa bega, na wengine walimsukuma yeye na mpira wake hadi ndani ya nyavu. Kipa wa enzi hizo alihitaji mbavu imara na ulimi mkali. Scott alikuwa navyo vyote viwili. Mabeki wake waliuogopa ulimi wake kuliko walivyowaogopa wapinzani.

Vita Kuu ya Kwanza vilipoanza, ligi ya Uingereza ilisimamishwa mwaka 1915, na Scott akarudi kwao akachezea Belfast Celtic. Liweke jina hilo akilini, ndugu msomaji, tutalirudia. Vita vilipokwisha alirejea Liverpool, na hapo ndipo jina lake lilipokua. Timu ilichukua ubingwa wa Uingereza mwaka 1922, ikachukua tena mwaka 1923. Katika msimu huo wa pili Scott alicheza mechi zote 42 za ligi, na Liverpool ilifungwa mabao 31 tu. Kwa kabumbu ya enzi ile, ambapo timu zilijaza washambuliaji watano mbele, hesabu hiyo ilikuwa ya ajabu.

Mpinzani wake mkubwa alikuwa Dixie Dean wa Everton, fundi wa kufunga kwa kichwa. Watu wa Liverpool wana hadithi moja wasiyochoka kuisimulia: kwamba siku moja wawili hao walikutana njiani, Dean akainamisha kichwa kumsalimu, na Scott akajirusha pembeni kana kwamba mpira unakuja. Sidhani kama lilitokea hivyo hasa. Lakini hadithi ya namna hii haizuki juu ya mtu wa kawaida, na wanafunzi wa fasihi simulizi wanajua kwamba uongo wa watu wengi hubeba ukweli wake.

Mwaka 1925 Liverpool ilimleta kipa mwingine, Arthur Riley, kutoka Afrika Kusini, ambaye Waingereza walikuwa wamemwona timu ya nchi yake ilipozuru Uingereza. Kwa miaka kadhaa Scott na Riley walipokezana nafasi, mara huyu benchi, mara yule. Scott hakukata tamaa, lakini umri haumsubiri mtu. Mwaka 1934 ilivuma kwamba Everton, wale wale waliomwona mtoto, sasa wanataka kumnunua akiwa na miaka 40. Mashabiki wa Liverpool walikasirika, wakayaandikia magazeti barua nyingi, na mpango ukafa. Badala yake aliondoka kwenda nyumbani. Mwisho wa msimu aliwaaga watu wa uwanja wa Anfield akiwa jukwaani pa viongozi. Alikuwa amecheza mechi 468 katika muda wa miaka 21.

Kazi aliyopewa Belfast ilikuwa ya mchezaji na kocha kwa pamoja, katika timu ile ile ya Belfast Celtic. Hapa yanipasa nieleze kidogo juu ya mji wenyewe. Sisi wa Lubumbashi tunajua mji unavyogawanyika siku Mazembe na Lupopo zinapokutana, kisha Jumatatu watu wanarudi kazini wakicheka. Belfast mgawanyiko ulikuwa wa kina zaidi. Tangu Ireland ilipokatwa vipande viwili mwaka 1921, Waprotestanti wengi wa kaskazini walitaka kubaki chini ya Uingereza, na Wakatoliki wengi walitaka Ireland moja iliyo huru. Mtaa, shule, kazi, hata jina la mtu, vyote vilitangaza upande wake. Mpira nao vilevile. Linfield ilikuwa timu ya Waprotestanti. Belfast Celtic, iliyoanzishwa mwaka 1891, ilipendwa na Wakatoliki. Ilikuwa imekwisha kujitoa kwenye ligi mara moja, mwaka 1920, kwa ajili ya fujo na risasi, ikarudi mwaka 1924.

Lakini Belfast Celtic ilikuwa na jambo moja la kuisifu: wachezaji iliwachukua kwa miguu yao, haikuwauliza dini. Wakatoliki na Waprotestanti walivaa jezi moja ya mistari ya kijani na nyeupe. Scott mwenyewe alikuwa Mprotestanti, na wapenzi wa timu, ambao wengi walikuwa Wakatoliki, walimkabidhi timu yao kwa miaka 15. Aliendelea kudaka hadi mwaka 1936, mwaka ambao pia aliichezea timu ya taifa ya Ireland kwa mara ya mwisho, mechi yake ya 31, akiwa na miaka 42. Baada ya hapo akawa kocha tu.

Na alikuwa kocha wa kuogopwa. Chini yake Belfast Celtic ilichukua ligi mara tano mfululizo, kuanzia msimu ulioishia 1936 hadi ule wa 1940. Ilichukua Kombe la Ireland mara sita. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, ligi ya kawaida iliposimama, ilitawala mashindano yaliyowekwa mahali pake, na mwaka 1948 ikawa bingwa tena. Vijana aliowalea walinunuliwa na timu kubwa za Uingereza na Scotland. Charlie Tully, aliyekuja kupendwa mno Glasgow, alitoka mikononi mwake.

Kisha ikaja tarehe 27 Desemba 1948. Linfield iliikaribisha Belfast Celtic katika uwanja wa Windsor Park. Mchezo ulikuwa mkali. Mshambuliaji wa Celtic, kijana Jimmy Jones, aligongana na beki wa Linfield, na beki akatolewa ameumia. Wakati wa mapumziko ilitangazwa kwa kipaza sauti kwamba mguu wa beki umevunjika. Tangazo hilo liliwasha moto. Celtic ilipata bao la penalti, Linfield ikasawazisha dakika za mwisho, na filimbi ilipolia mashabiki wakaingia uwanjani. Walimkamata Jones, wakamwangusha nje ya mstari, wakamkanyaga mpaka mguu ukavunjika. Kipa wa Celtic, Kevin McAlinden, naye alipigwa, na mwenzake Robin Lawler pia. Jones mwenyewe alikuwa Mprotestanti. Waliomvunja mguu walikuwa watu wa dini yake. Kosa lake lilikuwa jezi.

Viongozi wa Celtic walilaumu kwamba polisi hawakuwalinda wachezaji. Msimu ulipokwisha mwaka 1949, timu ilijitoa kwenye ligi, na safari hii haikurudi. Ilifanya ziara Marekani, na huko New York ikaifunga timu ya taifa ya Scotland, mabingwa wa visiwa vya Uingereza mwaka huo, mabao mawili kwa bila. Fikiri: timu inayokaribia kufa inaifunga nchi nzima, mbali na kwao, mahali ambapo hakuna anayeuliza mchezaji anasali wapi.

Jones alipona, mguu mmoja ukawa mfupi kuliko mwingine, na bado alirudi uwanjani akawa mfungaji hodari wa Glenavon. Scott hakwenda popote. Uwanja wa Celtic Park ulibaki kuwa mahali pa mbio za mbwa, na yeye alibaki kuwa mwajiriwa wa klabu isiyo na wachezaji hadi alipofariki tarehe 16 Mei 1959. Miaka kumi kocha bila timu. Katika miaka ya themanini uwanja wenyewe ulibomolewa, yakajengwa maduka.

Sasa nitimize ahadi yangu. Nilipokuwa na miaka 16, tulicheza na vijana wa mtaa mwingine. Tulishinda, na watu wakaingia uwanjani. Walimshika mshambuliaji wetu, yaya yule aliyenifundisha kufunga kamba za viatu. Walimpiga kwa sababu ya kule wazazi wake walikotoka, wala si kwa sababu ya bao. Kipa huona uwanja wote mbele yake. Niliona kila kitu tangu mwanzo. Nilikimbia upande wa pili, nikaruka ukuta. Yaya alipona, na hajanilaumu hata siku moja. Mimi ndiye sijaacha kujilaumu.

Ndiyo maana sivutwi sana na mikombe ya Scott. Navutwa na miaka ile kumi ya mwisho. Aliijenga nyumba ambamo watu wa pande mbili waliishi pamoja, wengine wakaivunja kwa alasiri moja, naye akabaki mlangoni pake. Nimejifunza kwamba nyumba ya namna hiyo haivunjwi na wenye fimbo peke yao. Huvunjwa pia na wale wanaoona tangu mwanzo, wakaruka ukuta. Sisi tunaosoma lugha katika mji huu wa lugha nyingi, ambamo watu huitambua asili ya mtu kwa neno lake la kwanza, tuna nafasi ya kuona mapema. Nami nikiona tena, nataka nibaki.