Robert Wangila: Bondia aliyeipa Kenya dhahabu ya Seoul, ulingo ukamtwaa ugenini

KILA Michezo ya Olimpiki inapowadia, macho ya Wakenya huelekezwa kwa wanariadha. Ni wachache wanaokumbuka kwamba dhahabu ya pekee ambayo taifa hili limewahi kutwaa katika Olimpiki nje ya riadha ililetwa na bondia, marehemu Robert Napunyi Wangila.

Wangila alizaliwa jijini Nairobi mnamo Septemba 3, 1967. Enzi za ujana wake, mitaa ya Eastlands ilikuwa kitovu cha ndondi. Katika mitaa kama Kaloleni, Jericho na Muthurwa, vijana wasiokuwa na karo wala kazi walipata mahali pa kujifunza nidhamu na kutafuta riziki kwa ngumi zao. Klabu ya Dallas ya Muthurwa, mtaa uliojengewa wafanyakazi wa reli, hutajwa hadi leo pamoja na jina la bondia huyo.

Nyota yake ilianza kung'aa mwaka wa 1987, Nairobi ilipoandaa Michezo ya Afrika, naye akatwaa dhahabu katika uzani wa welta mbele ya mashabiki wa nyumbani.

Mwaka uliofuata alisafiri hadi Seoul, Korea Kusini. Kabla yake, Philip Waruinge alikuwa ameleta shaba mwaka wa 1968 na fedha mwaka wa 1972, naye Dick Murunga akapata shaba mjini Munich katika uzani uo huo wa welta. Dhahabu ndiyo iliyokuwa ikiwaponyoka Wakenya ulingoni. Katika fainali, Wangila alimkabili Laurent Boudouani wa Ufaransa na kumwangusha kwa konde zito katika raundi ya pili. Ushindi huo haukuwa wa kubahatisha, kwani Boudouani huyo huyo alikuja kuwa bingwa wa dunia wa ndondi za kulipwa.

Kenya ilirejea na dhahabu tano. Nne zilikuwa za wanariadha Paul Ereng, Peter Rono, John Ngugi na Julius Kariuki. Ya tano ilikuwa ya Wangila.

Hata hivyo, dhahabu haijazi chungu. Mnamo 1989 alijiunga na ndondi za kulipwa nchini Marekani. Alishinda mapigano 22, 16 kati ya hayo kwa kuwaangusha au kuwalemea wapinzani kabla ya muda, lakini hakuwahi kuvaa mshipi wa dunia.

Usiku wa Julai 22, 1994, alipanda ulingoni jijini Las Vegas kupambana na David Gonzales. Alipokea makonde mengi kichwani, na katika raundi ya tisa refa Joe Cortez akasimamisha pigano. Wangila alipinga uamuzi huo, akiamini bado alikuwa na nguvu za kuendelea. Alitoka ulingoni kwa miguu yake mwenyewe, lakini alipofika katika chumba cha kubadilishia mavazi akazirai. Madaktari walijitahidi kumwokoa bila mafanikio. Alifariki Julai 24, akiwa na umri wa miaka 26.

Ujasiri uliompandisha jukwaani Seoul ndio uliomzuia kuhisi hatari iliyokuwa ikimnyemelea. Kwa chipukizi wanaovaa glavu leo katika kumbi za Eastlands, maisha yake ni fahari na onyo pia: kusalimu amri mapema si aibu, kwani aliye hai hupigana tena.