Jack Kirby: Mkono Uliochora, Karatasi Zikabaki kwa Tajiri

Wadau, leo naomba tuache siasa kidogo tumzungumzie marehemu Jack Kirby, mchoraji wa vitabu vya katuni wa Marekani. Wengi mtasema hamumjui. Lakini kama uliangalia filamu ya Black Panther mwaka 2018, ile aliyocheza dada yetu Lupita Nyong'o, basi kazi ya mikono yake umeiona. T'Challa na Wakanda yake walitokea mara ya kwanza mwaka 1966, toleo la 52 la Fantastic Four. Michoro ya Kirby, maneno ya Stan Lee.

Mimi ni mgonjwa wa kurasa zake orijino, nakiri. Kwa wasiojua, zamani zile hakukuwa na kompyuta. Jamaa alichukua karatasi nene, kubwa kuliko ukurasa wa kitabu utakaokuja kuuzwa, akachora hadithi nzima kwa penseli. Mwingine akaandika maneno, mwingine akapitisha wino, ndipo karatasi ikapigwa picha na kwenda kiwandani. Kitabu kikishatoka, ile karatasi yenyewe inabaki. Je, ni ya nani? Hilo swali ndilo lililomtesa mzee huyu uzeeni.

Alizaliwa New York tarehe 28 Agosti 1917, jina lake halisi Jacob Kurtzberg. Wazazi walikuwa Wayahudi waliohamia kutoka Austria, baba akifanya kazi kiwanda cha nguo. Mtaa wenyewe, Lower East Side, ulikuwa wa watu kubanana na watoto kupigana ngumi kila siku, na ukitazama anavyochora ugomvi utajua huyu hakusimuliwa. Shule ya sanaa hakukaa. Alijifunza mwenyewe, akafanya kibarua kwenye studio iliyotengeneza katuni za Popeye, kisha akakutana na Joe Simon, wakawa pacha wa kazi.

Hao wawili ndio waliomtoa Captain America. Toleo la kwanza liliingia sokoni mwishoni mwa 1940, na jalada lake lilimwonyesha shujaa akimchapa Hitler ngumi ya taya, mwaka mzima kabla Marekani haijaingia vitani! Vita vilipomfikia naye, akachukuliwa jeshi mwaka 1943, akapelekwa Ufaransa mwaka uliofuata. Baridi ilimharibu miguu karibu ikatwe. Akarudi kwa mkewe Roz, waliyeoana 1942, akashika tena penseli.

Miaka ya 1960 ndiyo iliyompa jina. Akiwa na Stan Lee pale Marvel walitoa Fantastic Four (1961), Hulk na Thor (1962), X-Men na Avengers (1963). Lee alikuwa na vitabu vingi mno vya kuandika, kwa hiyo utaratibu wao ulikuwa hivi: wanazungumza hadithi kwa juu juu, Kirby anakwenda nyumbani, anaichora yote, anaamua nani anaingia na nani anakufa, ndipo Lee anajaza maneno. Silver Surfer, kwa mfano, Kirby alimchomeka mwenyewe. Lee alimkuta tayari yupo kwenye karatasi.

Sasa hapa ndipo ugonjwa wangu ulipoanzia. Mara ya kwanza kuuona kwa macho ukurasa wake wa miaka hiyo, nilidhani nitashangaa michoro. Kumbe kilichonishika ni pembeni, nje ya mstari wa picha. Kuna mwandiko wa penseli, wa haraka haraka, Kirby akieleza nini kinatokea kwenye kila picha na mhusika anasema kitu gani. Ukinunua kitabu huoni hayo, yamekatwa. Watu wamebishana miaka na miaka nani hasa aliyebuni hadithi zile, na mimi simtoi Lee, maana utani na ulimi wa wahusika wale ni wake. Lakini pale pembeni mwandiko ni wa Kirby.

Malipo yake? Kwa ukurasa, basi. Mashujaa wakauza fulana, midoli, vipindi vya televisheni, yeye hakuwa na fungu humo. Mwaka 1970 akachoka, akahamia DC, akarudi Marvel miaka ya katikati ya 1970, kisha akaondoka moja kwa moja kwenda kuchora katuni za televisheni, ambako angalau alilipwa vizuri na kupata bima ya afya.

Katikati ya miaka ya 1980 Marvel ikaanza kuwarudishia wachoraji karatasi zao za zamani. Wenzake walipewa hati fupi ya ukurasa mmoja, saini na uchukue. Kirby akaletewa hati ya kurasa nne! Hiyo ilitaka asiwe na madai yoyote juu ya wahusika, asiuze karatasi hizo, asizionyeshe hadharani bila ruhusa. Yaani anakuwa mlinzi wa mali ya tajiri nyumbani kwake. Na katika maelfu aliyochora, alizoahidiwa zilikuwa 88. Mzee akakataa kusaini. Wachoraji na waandishi wengine, wakiwemo Alan Moore na Frank Miller, wakamsimamia hadharani, aibu ikawa kubwa. Mwaka 1987 akasaini ile hati fupi, akapokea karibu karatasi 2,000.

Na zilizobaki? Nyingi zilikuwa zimeshatoka ghalani kwa milango ya nyuma, zikaibwa, zikagawiwa, zikaingia mikononi mwa watu. Leo ukurasa wake mzuri wa miaka ya 1960 unakwenda makumi ya maelfu ya dola, mingine mamia ya maelfu.

Niliwahi kutafutwa na muuzaji mmoja mwenye ukurasa wa Thor, bei ya kujuana. Wadau, mkono ulitetemeka. Nikamuuliza swali moja: huu ulipitia kwa Kirby? Akasema yeye aliununua kwa mtu, naye alinunua kwa mtu. Nikaomba siku mbili. Usiku wa kwanza nilijiambia mzee ameshakufa, hanidai. Usiku wa pili sikulala vizuri. Nikaurudisha. Mke wangu alicheka, akasema ataununua mwingine tu, na ni kweli, ulinunuliwa wiki ileile.

Kirby alifariki nyumbani kwake Thousand Oaks, California, tarehe 6 Februari 1994, umri miaka 76. Disney ilitangaza kuinunua Marvel kwa dola bilioni 4 mwaka 2009, na mwaka huohuo watoto wake wakadai haki za wahusika. Wakashindwa mahakamani mwaka 2011, wakashindwa rufaa 2013. Septemba 2014, siku chache kabla majaji wa Mahakama Kuu ya nchi hawajakaa kuamua kama watasikiliza shauri, pande mbili zikaelewana. Kiasi hakikutangazwa. Tangu hapo jina lake likaanza kuonekana waziwazi kwenye vitabu, kando ya la Stan Lee.

Ukurasa ninaomiliki mimi ni mmoja, wa Kamandi, kitabu alichoanzisha DC mwaka 1972. Si wa bei mbaya sana, niliulipia kwa miezi kumi. Wakati ule Kirby aliandika na kuchora mwenyewe, maneno aliyaweka palepale kwenye picha. Pembeni hakuna maelezo ya hadithi. Hakukuwa na mtu wa kumweleza.