Edward Sokoine: Waziri Mkuu aliyetaka kila mtu achape kazi

Kila ifikapo tarehe 12 Aprili, Watanzania humkumbuka Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu aliyefariki mwaka 1984 kwa ajali ya gari huko Dakawa, hapa hapa mkoani Morogoro. Chuo Kikuu cha Kilimo kilichopo Morogoro mjini, kilichoanzishwa mwaka huo huo, kinaitwa kwa jina lake. Maisha yake yana funzo kwa yeyote mwenye watu chini yake, awe na ofisi, mashine ya kukoboa mpunga au vibarua shambani.

Alikotoka

Sokoine alizaliwa Monduli mwaka 1938, katika jamii ya wafugaji wa Kimaasai. Alisoma Monduli, kisha sekondari ya Umbwe, Kilimanjaro. Mwaka 1961 alijiunga na TANU. Baadaye alikwenda Ujerumani kusomea utawala, na aliporudi mwaka 1963 akawa ofisa mtendaji wa wilaya ya Masai. Mwaka 1965 alichaguliwa kuwa mbunge. Akapanda hatua kwa hatua: naibu waziri mwaka 1967, Waziri wa Ulinzi mwaka 1972, na Waziri Mkuu Februari 1977. Vita vya Kagera vilimkuta kwenye kiti hicho. Aliondoka mwaka 1980, akarudishwa Februari 1983.

Kazi ilikuwa imelegea

Alirudi wakati mgumu. Sukari, sabuni na nguo vilikuwa adimu, na mshahara haukufikisha mtu mwisho wa mwezi. Mfanyakazi angeacha meza yake akapange foleni ya unga, au akahangaikie mradi wake wa pembeni. Si kwamba watu wote walikuwa wavivu. Wengi hawakuona faida ya kujituma, hasa walipoona wengine wakitajirika kwa kuficha bidhaa na kuziuza kwa magendo.

Njia alizotumia

Njia ya kwanza ilikuwa ukali. Machi 1983 ilianza operesheni dhidi ya wahujumu uchumi. Watu wengi walikamatwa, na wengine waliogopa hata wakatupa bidhaa usiku ili wasikutwe nazo. Mwaka huo huo ikatungwa Sheria ya Nguvu Kazi, iliyomtaka kila mwenye uwezo awe na kazi. Jijini Dar es Salaam waliokutwa bila kazi walikusanywa na kupelekwa vijijini. Wengi wao walirudi mjini baada ya muda, na maduka hayakujaa kwa sababu tu watu wameogopa.

Njia ya pili ilikuwa kufungua mlango. Mabasi ya shirika la umma yaliposhindwa kubeba abiria wa Dar es Salaam, mwaka 1983 watu binafsi waliruhusiwa kusafirisha abiria. Ndivyo daladala zilivyopata nafasi halali. Hapo hakuna aliyehitaji kusukumwa: aliyeamka mapema alipata zaidi, na abiria akafika kazini.

Njia ya tatu ilikuwa mfano wake mwenyewe. Sokoine anakumbukwa kwa kufuatilia mambo kwa macho yake badala ya kungoja taarifa mezani, na kwa kutotumia cheo kujitajirisha. Aliyeambiwa na Sokoine aongeze juhudi hakuwa na sababu ya kudhani kwamba jasho lake linaishia mfukoni mwa mkubwa.

Kinachobaki

Miaka zaidi ya 40 imepita. Operesheni ile imebaki historia na watu bado wanabishana kuihusu. Daladala bado zinatembea, na jina la uadilifu wake bado linatajwa hata na waliozaliwa baada ya kifo chake.

Kwa mkulima wa Mchombe, jambo hili halina uzito mdogo. Wakati wa kupalilia, kuamia ndege na kuvuna, kibarua anayefokewa hufanya kazi ukiwa umesimama pale. Ukigeuka, jembe nalo linatulia. Lakini anayelipwa siku mliyokubaliana, anayejua kwamba akimaliza eneo kubwa atapata zaidi, na anayemwona mwenye shamba akishuka majarubani pamoja naye, huyo atafukuza ndege hata usipokuwepo. Na atarudi kwako msimu ujao.

Sokoine alizikwa Monduli. Aliishi miaka 45 tu.