Ibn al-Nafis: Faqihi Aliyekuwa Tabibu, na Kisa cha Kifo Chake Kinavyosimuliwa Vibaya



Kila sifa njema ni Zake Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, Aali zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Mwaka juzi, baada ya Swala ya Laasiri, tuliitwa nyumba moja hapa kisiwani kumzuru mzee aliyekuwa na saratani iliyokwishafika kwenye mifupa. Tulikwenda kwa nia ya kusoma Yasin, kuomba dua na kurudi. Tulimsikia akiugua hata kabla hatujavua viatu. Tulipouliza kama hospitali haikumpa kitu cha kumtuliza, mtoto wake mkubwa akatwambia wamepewa mofini, dawa ya maji ya kunywa, lakini wameifungia kabatini. Walisikia katika mawaidha ya kurekodiwa kwamba Ibn al-Nafis, tabibu mkubwa wa Kiislamu, alikuwa katika maumivu makali wakati wa kufa, akaletewa dawa yenye kulevya, akaikataa ili akutane na Mola wake akiwa safi. Wao wakamtakia baba yao makamo hayo hayo.

Vijana wale hawakuwa wakatili. Walikuwa wakimpenda baba yao, na macho yao yalikuwa mekundu kwa kukesha. Lakini kisa walichosimuliwa kilikuwa kimeongezwa na kupunguzwa. Ndiyo maana tumeona tuandike habari za mtu huyu tangu mwanzo, maana kifo cha mwanachuoni hakifahamiki bila ya kujua alivyoishi.

Jina lake ni Alaa al-Din Ali bin Abi al-Hazm al-Qarshi, anayejulikana kwa Ibn al-Nafis. Alizaliwa katika nchi ya Sham mwanzoni mwa karne ya 7 ya Hijra, yaani mwanzoni mwa karne ya 13 ya Miladi. Utabibu aliusoma Damascus katika Bimaristani ya Nuri, hospitali iliyojengwa na Sultani Nur al-Din Zengi. Mwalimu wake alikuwa Muhadhdhab al-Din al-Dakhwar, ambaye aliiacha nyumba yake iwe skuli ya utabibu. Jambo la kushangaza ni kwamba Ibn Abi Usaybi'a, aliyekuwa mwanafunzi wa Dakhwar pia na aliyeandika kitabu kikubwa cha habari za matabibu, hakumtaja kabisa mwenzake huyu. Watu wamekisia sababu nyingi. Sisi twaliacha hapo.

Kutoka Sham alihamia Misri, na huko Cairo ndiko alikokaa mpaka mwisho wa umri wake. Alifikia kuwa mkuu wa matabibu wa Misri na akamtibu Sultani Baybars. Wakati huo huo alikuwa akisomesha fiqhi ya Imam Shafi katika Madrasa ya Masruriyya. Alianza kukisherehesha kitabu cha al-Tanbih cha Abu Ishaq al-Shirazi, na akaandika katika usuli na katika elimu ya Hadithi. Taj al-Din al-Subki alipokusanya habari za wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi alimtia humo pamoja na mafaqihi. Wazazi wanaotujia na kutuuliza kama kijana wao aliyehifadhi Qur'ani akienda chuo cha afya atakuwa ameipoteza njia, tunawatajia Masruriyya.

Wanafunzi wake wamepokea mambo ya ajabu juu ya uandishi wake. Alikuwa akichongewa kalamu nyingi kwa pamoja, anauelekeza uso wake ukutani na kuandika kutoka kichwani, bila ya kitabu mbele yake. Kalamu ikidumaa anaitupa na kuchukua nyengine asije akapoteza muda wa kuichonga. Siku moja alikuwa hamamuni, katikati ya kuoga akatoka hadi pahala pa kuvulia nguo, akaitisha wino, kalamu na karatasi, akaandika risala juu ya mapigo ya moyo mpaka akaimaliza, kisha akarudi kuendelea kuoga. Katika utabibu alipanga kuandika kitabu kiitwacho al-Shamil cha mijalada 300. Alikamilisha 80.

Sasa tuje kwenye jambo lililomfanya ajulikane dunia nzima. Matabibu wa zama zile walikuwa wakimfuata Jalinus, tabibu wa Kiyunani wa karne ya 2, na baada yake Ibn Sina, mwenye kitabu cha al-Qanun. Wote wawili walisema kuwa damu hutoka chumba cha kulia cha moyo kwenda cha kushoto kwa kupenya vitundu vidogo kwenye ukuta uliopo baina yao. Ibn al-Nafis aliisherehesha sehemu ya al-Qanun inayohusu maumbile ya mwili, na kufikia mwaka 1242 kazi hiyo ilikuwa imekwishaandikwa. Ndani yake alisema wazi kwamba ukuta ule ni mnene na mzima, hauna kitundu kinachoonekana wala kisichoonekana. Kwa hiyo damu haina budi kutoka chumba cha kulia kwa mshipa mkubwa, kuingia mapafuni, kuchanganyika na hewa humo, kisha kurudi kwa mshipa mwengine hadi chumba cha kushoto. Akaongeza kwamba moyo wenyewe hulishwa na mishipa iliyomo katika nyama yake.

Hivyo ndivyo wanavyofundishwa wanafunzi wa afya leo. Ulaya kauli kama hii iliandikwa na Michael Servetus mwaka 1553, na William Harvey wa Uingereza akaueleza mzunguko wote wa damu mwaka 1628. Kitabu cha Ibn al-Nafis kilikaa kwenye maktaba bila ya kutajwa mpaka mwaka 1924, tabibu kijana wa Kimisri, Muhyi al-Din al-Tatawi, alipokuta nakala yake Berlin na kuiandikia tasnifu katika Chuo Kikuu cha Freiburg.

Alijuaje? Yeye mwenyewe alitaja kuwa sharia na huruma vilimzuia kupasua maiti, hivyo alitegemea maelezo ya waliomtangulia, isipokuwa pale alipoona yanakwenda kinyume na ukweli. Sisi tunaona hapo mkono wa faqihi. Mtu aliyezoea kuuliza dalili ya kila kauli ya fiqhi hakubali kirahisi kitundu ambacho hakuna aliyekiona, hata kama aliyekisema ni Ibn Sina. (Wanafunzi wanaotuuliza juu ya chumba cha maiti cha chuoni wajue kuwa mabaraza ya fiqhi ya zama zetu yameruhusu upasuaji wa kujifunzia kwa masharti ya haja na heshima ya maiti.)

Mahali hapo pa hewa kukutana na damu ndipo wenzetu wenye pumu wanapopata tabu. Hewa hupita kwenye vijinjia vyembamba vya mapafu vilivyozungukwa na misuli midogo. Mshipa mmoja mrefu wa fahamu, unaotoka kwenye ubongo na kushuka kifuani hadi tumboni, ukituma habari, misuli ile hukaza na njia hubana. Kwa mwenye pumu njia hizo huwa zimevimba tayari na zina makohozi, na zikibana kidogo tu pumzi hupiga filimbi. Dawa ya kuvuta kwa pampu huilegeza misuli hiyo kwa kuiga kemikali ya mwili iitwayo adrenalini. Mama asiogope kumpa mtoto pampu aliyoandikiwa na daktari kwa kuhofia kwamba ataizoea.

Turudi kwenye maumivu. Ibn al-Nafis alikifupisha al-Qanun katika kitabu kiitwacho al-Mujaz, ambacho kilisomwa na wanafunzi wa utabibu kwa karne nyingi. Katika al-Qanun, Ibn Sina alihesabu aina 15 za maumivu: ya kuchoma, ya kubana, ya kupwita, ya uzito, ya ganzi na mengineyo, akaeleza namna ya kuyatuliza. Katika dawa za kufisha hisia aliyoitaja kuwa na nguvu zaidi ni afyuni, ile ambayo wazee wetu wanaiita kasumba. Mofini inatokana na mmea huo huo. Basi mtu ambaye jina lake lilitumika kuifungia chupa kabatini alikifundisha na kukisherehesha kitabu kinachoihesabu asili ya chupa hiyo kuwa ni dawa.

Na kifo chake kilikuwaje? Aliugua siku sita akiwa na umri wa karibu miaka 80. Baadhi ya matabibu wenzake wakamshauri anywe kidogo katika khamri, kwa madai yao kwamba inafaa kwa maradhi yake. Akakataa, kwa kuwa hakutaka kukutana na Allah hali ya kuwa tumboni mwake mna khamri. Alifariki Ijumaa, tarehe 21 Dhul-Qaada mwaka 687 wa Hijra, sawa na Disemba 1288. Nyumba yake na vitabu vyake aliviacha wakfu kwa Bimaristani ya Mansuri, hospitali aliyoijenga Sultani Qalawun miaka michache tu kabla.

Zingatia yaliyomo na yasiyokuwemo. Aliletewa khamri, na kwa madhehebu yetu kauli yenye nguvu ni kwamba khamri tupu haifai kuwa dawa, basi alitenda kwa mujibu wa madhehebu yake. Alijichagulia mwenyewe, akiwa na akili zake na utabibu wake. Hakumchagulia mgonjwa mwengine. Na habari hiyo haikutaja maumivu kabisa. Hayo yaliongezwa na mtoa mawaidha.

Katika zama hizo hizo, Damascus, alikuwepo Imam Nawawi, ambaye Minhaj yake inasomeshwa katika darsa zetu hadi leo. Alifariki mwaka 1277, miaka 11 kabla ya Ibn al-Nafis. Katika al-Rawdha iliulizwa kuhusu mtu ambaye mkono wake umeoza na unahitaji kukatwa: je, apewe kitu kisichokuwa kinywaji cha kulevya, kama vile banji, kimwondolee akili asihisi? Imam Nawawi akaitilia nguvu kauli ya kuruhusu. Ikiwa kuondoka akili kabisa kumeruhusiwa kwa haja hiyo, vipi mofini ya kipimo, ambayo mgonjwa aghalabu hubaki akimjua mwanawe na akijua wakati wa Swala?

Maumivu ni habari inayopelekwa na mishipa ya fahamu kutoka pahala penye maradhi, kupitia uti wa mgongo, hadi kwenye ubongo. Saratani inapofika mfupani habari hiyo hairudi nyuma wala hainyamazi. Mofini huipunguza kwenye uti wa mgongo na kwenye ubongo wenyewe. Mzee wetu yule alikuwa amekosa Swala kadhaa, na hakuziacha kwa uzembe. Hakuweza kuitamka Fatiha kwa kuugua.

Kijana akaenda kabatini. Usiku ule mzee alilala, na alfajiri akaomba tayamamu mwenyewe.

Kwa familia zenye mgonjwa wa namna hii: dawa itolewe kwa kipimo na kwa saa alizoandika daktari, bila ya kungojea maumivu yamzidi nguvu. Siku za mwanzo atasinzia. Choo kitafunga, basi mwambieni muuguzi mapema atoe dawa yake. Msiongeze wala msiikate ghafla bila ya kuuliza hospitali. Chupa iwe mbali na watoto na asiitumie mwengine yeyote, na ikibaki irudishwe hospitali.

Wallahu a'lam.